Upande wa Juu Msihangaike Nao

Fundi Ma alipanga vipande vyake vitatu barazani kama muuza samaki anayejua kwamba mteja wake ni mgumu, kisha akachuchumaa, akawasha sigara, akasubiri. Cha kwanza kilikuwa bamba jeupe la povu, jepesi, lile la kutengenezea masanduku ya samaki. Cha pili kilikuwa bamba la rangi ya waridi, gumu, ukiligonga linaitika. Cha tatu hakikuwa bamba hata kidogo. Ilikuwa karatasi ya kung'aa yenye viputo, unaikunja ukaitia kwapani ukaenda zako.

"Chagua, Dada Pilnam," alisema. "Hivi ndivyo vinavyokaa chini ya mabomba ya maji moto ya kupasha sakafu. Usipoweka kitu, nusu ya joto lako linashuka kuwapasha minyoo."

"Minyoo nao wanasikia baridi."

"Basi wachangie mafuta ya boila."

Pilnam hakucheka. Si kwamba hakujua kucheka. Alikuwa amepikia watoto wa shule huko Wonju tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na mtu asiyejua kucheka hawezi kazi ile. Lakini tangu arudi kwenye nyumba hii ya babaye huku milimani Gangwon, kila alipoingia katika chumba kikubwa alitoka upesi. Chumba kilikuwa kimefumuliwa nusu. Huku mwisho wa karibu na jiko, mawe bapa ya sakafu ya zamani yalikuwa yameshang'olewa na kulundikwa uani, meusi kwa masizi. Kule mwisho wa mbali, sakafu ilikuwa bado nzima, na karatasi yake ya njano iliyopakwa mafuta ilikuwa bado inang'aa.

Ilibidi ifumuliwe. Mzee Tak, babaye Pilnam, aliendelea kuwasha kuni chini ya sakafu yake miaka mingi baada ya majirani wote kuhamia kwenye boila za maji moto. Majira ya baridi yaliyopita mawe yalipasuka, moshi ukapenya usiku, na jirani aliyeleta kimchi, kabichi ya kuchachusha, asubuhi akamkuta hajitambui. Hospitali ilimrudishia pumzi. Baada ya hapo Kidong, mdogo wake Pilnam, alimpeleka katika nyumba ya wazee mjini, na tangu hapo mzee alikuwa na wimbo mmoja tu: nirudisheni nyumbani kabla ya theluji.

Kumrudisha maana yake ni sakafu mpya, na pia mtu wa kuishi naye. Kidong alikuwa na duka na mke na wakwe huko Incheon. Pilnam alikuwa mjane, watoto wake wamekua, na kila mtu alimtazama yeye bila kusema. Alikuwa amekubali kusimamia sakafu. La pili hakuwa amelijibu, na mvua ya mwisho ya vuli ilikuwa imeshapita.

Simu ililia. Alikuwa Kidong mwenyewe.

"Dada, jana nilikwenda kumwona Baba. Nikamwambia unachagua vitu vya kuweka chini ya sakafu. Akafurahi kama mtoto."

"Akasema nini?"

"Akasema upande wa chini uwekewe kitu kizuri. Upande wa juu msihangaike nao."

Pilnam aliondoka barazani, simu sikioni.

"Dada?"

"Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Hata akarudia. 'Mwambie Pilnam, upande wa juu msihangaike nao.' Si itapunguza gharama? Unaweka bamba nene pale atakapolala yeye, huko kwingine unatandika ile karatasi, basi."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," Pilnam alisema, akakata simu.

Katika nyumba za kule, chini ndiko kwa heshima. Chini ni karibu na jiko, ambapo moshi wa kuni unaingia chini ya mawe ukiwa bado mkali. Unapofika juu, ukutani kwa mbali, karibu na bomba la kutokea nje, umeshachoka na hauna kitu cha kumpa mtu. Kwa hiyo chini hukaa wakubwa, wagonjwa, wageni na wanaopendwa. Juu huwekwa kabati, magunia ya viazi na mitungi ya maharage. Katika nyumba ya Mzee Tak, juu aliwekwa Pilnam.

Jina lenyewe lilikuwa limeshasema. Bibi, mamaye Mzee Tak, alimpa siku ya kuzaliwa: Pilnam, yaani lazima mvulana. Si yeye aliyekuwa akiitwa. Alikuwa akiitwa anayefuata. Na aliyefuata akaja kweli, Kidong, mnene na mweupe, akalazwa chini kabisa, ubavuni mwa Bibi, mahali ambapo karatasi ya sakafu iliungua ikawa ya kahawia kama ukoko wa wali.

Na bado, Mungu anajua, Pilnam alikipenda chumba kile. Alikumbuka alasiri za theluji, wote wametumbukiza miguu chini ya blanketi moja kubwa lililotandikwa pale penye moto, maganda ya viazi vitamu yametapakaa, Bibi akisimulia habari za mwanamke mmoja aliyeolewa na simbamarara. Alikumbuka bakuli la shaba la wali wa Baba, limefunikwa na kufichwa chini ya blanketi lile lile mpaka arudi kutoka msituni, na jinsi watoto walivyokatazwa kunyoosha miguu wasije wakalipindua. Alikumbuka harufu ya mafuta ya soya mama alipoyapaka kwenye karatasi mpya ya sakafu, na kuni za msonobari zikilia jikoni. Alikumbuka hata mkoromo wa Bibi. Ungeweza kumrudishia alasiri moja tu kati ya zile, angekupa pensheni yake yote na asikudai chenji.

Lakini usiku ulipofika blanketi lilivutwa, kila mtu akaenda kwake, na kwake kulikuwa juu. Kitambaa cha kufutia sakafu kiliganda pale ukutani. Alilala amejikunja, soksi mbili mbili, akimsikia Kidong anapiga teke blanketi kwa joto.

Na kulikuwa na habari ya mabakuli. Vuli moja, Pilnam alipokuwa na miaka saba au nane, Baba aliifumua sakafu upande wa juu ili kuziba moshi. Siku zile zile mabakuli ya udongo ya Bibi, yale meusi ya pombe ya mchele aliyokuja nayo kama bi harusi, yakatoweka kwenye rafu. Bibi akauliza nani ameyavunja, na jibu alikuwa nalo tayari, maana katika nyumba ile kitu kikivunjika kilikuwa kimevunjwa na Pilnam. Alichapwa mashavu ya miguu kwa fimbo mpaka akashindwa kuchuchumaa. Alimtafuta baba yake kwa macho. Baba alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mikono imejaa udongo, na aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake.

Fimbo aliisahau. Kile kichwa kilichoinama hakukisahau. Na sasa mzee yule yule, ana miaka themanini na kitu, hana meno, hana nguvu ya kuinua kijiko, bado anatuma salamu: upande wa juu msihangaike nao.

Alirudi barazani. Fundi Ma alikuwa anaanza sigara ya pili.

"La waridi," Pilnam alisema. "Nene kuliko yote uliyonayo. Chumba kizima, kutoka chini mpaka juu, sawasawa."

"Chumba kizima?" Fundi Ma alikuna kichwa. "Dada, kule juu nimepiga hesabu ya kuweka kabati. Halali mtu kule siku hizi."

"Chumba kizima."

"Sakafu itapanda, mtakuwa mnaingia mmeinama. Labda nichimbe zaidi kule juu, maana mawe yake yamekaa juu juu."

"Basi chimba. Si kazi yako kuchimba?"

"Na mzee je? Wazee hawapendi sakafu ya joto sawasawa. Mama yangu nilimwekea, mwaka mzima analalamika. Anasema nyumba haina chini wala juu, hajui amkaribishe mgeni wapi."

"Mzee asipopenda, atabaki kule kule aliko," Pilnam alisema. "Nikimaliza sakafu yangu mimi narudi Wonju. Kidong aje alale naye, alizoea kulala naye kwenye moto."

Ndivyo alivyolijibu lile swali, kwa fundi wa sakafu, akiwa na hasira. Aliingia jikoni kukata figili na alizikata kana kwamba zimemkosea.

Hakuwa amemaliza figili ya pili aliposikia sururu imenyamaza.

"Dada Pilnam! Hebu njoo uone. Baba yako alikuwa anafuga nini huku chini?"

Fundi Ma alikuwa amepiga magoti kule juu kabisa, ukutani. Alikuwa ameng'oa mawe na kutoa udongo wa mifereji ya moshi. Mtu mwingine angeishia hapo, lakini kwa sababu ya lile bamba nene alikuwa ameendelea kuchimba. Chini ya udongo kulikuwa na tabaka la mkaa na makapi ya mpunga, na ndani ya tabaka hilo migongo myeusi ya udongo wa kuchoma ilikuwa imejitokeza, ya mviringo, imepangana bega kwa bega kama kuku waliolalia mayai.

Aliliingizia moja kidole, akalitikisa, likatoka zima. Lilikuwa bakuli. Lilikuwa limefunikwa kifudifudi, na ndani yake hamkuwa na kitu, hata vumbi.

"Haya ni ya kunywea pombe," alisema Fundi Ma. "Ya zamani haya, mazuri. Nani anazika mabakuli mazuri?"

Pilnam aliinama. Alikuwa anatazama mahali yalipokuwa. Hayakuenea ukuta mzima. Yalianzia kwenye kona na kuishia kwa urefu wa mtoto aliyelala.

"Subiri," Fundi Ma alisema, na mara akaanza kucheka kwa furaha. "Ee, mzee huyu! Unajua hiki ni nini? Ni hili." Aligonga bamba la waridi. "Hili bamba ndani yake ni hewa tupu, viputo tu. Hewa ikifungwa haitembei, na joto halipiti. Yeye hakuwa na bamba, akafunga hewa kwa mabakuli. Akatia na makapi na mkaa kuzuia unyevu wa ardhi. Kizuio kamili! Enzi zile!"

"Kwa hiyo palikuwa na joto hapa?" Pilnam aliuliza.

Fundi Ma aliacha kucheka, maana alikuwa mtu mkweli katika mambo ya kazi yake.

"Mh. Hapana, Dada. Sidhani. Kizuio hakileti joto, kinalinda lililopo. Na huku juu moshi ulifika umeshapoa. Alikuwa analinda kitu ambacho hakikuwepo." Aliligeuza bakuli mkononi. "Lakini alijitahidi, bwana."

Pilnam alilichukua lile bakuli, akalifuta kwa aproni, akavaa koti juu ya aproni ile ile. Basi la kwenda mjini lilikuwa karibu kupita.

Mzee Tak alikuwa ameketi kitandani, blanketi magotini. Alikuwa amepungua tena. Katika nyumba ile ya wazee kulikuwa na joto kila mahali, la kutoka ukutani, na kila mtu alilala kitandani juu ya miguu minne. Jambo hilo mzee hakulisamehe. Alisema kulala juu ya kitanda ni kulala juu ya upepo.

"Pilnam," alisema. Siku nyingine alimwita kwa jina la marehemu mkewe, lakini leo alimjua. "Sakafu imeisha?"

"Bado, Baba."

"Theluji inakuja. Magoti yangu yameniambia."

"Kidong amenipa salamu zako. Kwamba upande wa juu tusihangaike nao."

"Ndiyo." Aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu. "Msipoteze mali. Fundi wa siku hizi atakuambia weka hiki, weka kile. Kule juu hakuna haja."

"Kwa nini hakuna haja, Baba?"

Mzee alitazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, na mhudumu alikuwa anapita na kitoroli cha chai. Alisubiri kitoroli kipite, kisha akamwashiria bintiye asogee.

"Mimi nilishamaliza kule," alinong'ona.

Pilnam alifungua mfuko na kumwekea bakuli magotini.

Mzee aliruka. Kwa mikono ile isiyoweza kijiko alilikamata bakuli na kulificha chini ya blanketi kwa wepesi wa mwizi wa kuku. "Umelitoa! Nani kakwambia ulitoe? Bibi yako yuko wapi?"

"Bibi alikufa, Baba. Mwaka ule Kidong alipokwenda jeshini."

"Alikufa?" Alifikiri. "Ahaa. Kweli. Tulimzika kwenye baridi." Lakini hakulitoa bakuli. Lilibaki chini ya blanketi, na mkono wake juu yake.

Pilnam alikuwa amepanga maneno njiani, ndani ya basi, mazuri na makali. Yaliyotoka yalikuwa ya mtoto wa miaka saba.

"Nilichapwa, Baba. Kwa ajili ya hayo mabakuli. Ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwa mlangoni."

"Mbona hukusema?"

Mzee alilipapasa bakuli chini ya blanketi. Pilnam alidhani amepotea tena katika mambo yake. Kisha akasema, akilitazama blanketi:

"Ningesema, mama angeyafukua. Mabakuli yake ya harusi, niyaweke chini ya mtoto wa kike? Angeyafukua siku ile ile. Nikahesabu. Fimbo ni ya leo. Baridi ni ya kila usiku." Alimeza mate. "Nilihesabu vibaya? Sijui. Mpaka leo nahesabu."

Alikuwa mwoga, baba yake. Alikuwa mwoga kwa mama yake, kwa mwenye shamba, kwa kila mtu aliyepaza sauti. Pilnam alilijua hilo tangu zamani na hakuna bakuli lililolifuta. Lakini hakuwa amejua kwamba mwoga naye anaweza kupiga magoti katika masizi, akifunika bakuli moja moja kwa urefu wa mwanawe, halafu akae na siri hiyo mpaka asahau hata kifo cha mamaye lakini asiisahau siri yenyewe. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

Mzee alimvuta ukosi wa koti, kama mtu anayetaka kuuliza bei bila wengine kusikia.

"Niambie. Sikuweza kukuuliza, Bibi yako alikuwa hachezi mbali. Palipata joto?"

Pilnam alikumbuka soksi mbili mbili. Alikumbuka kitambaa kilichoganda ukutani, na pumzi yake mwenyewe ikionekana gizani. Alimkumbuka Fundi Ma, mtu mkweli katika mambo ya kazi yake.

"Palikuwa moto, Baba," alisema. "Usiku mwingine nilikuwa napiga teke blanketi."

Mzee Tak alifumba macho. Uso wake wote ulilegea, pole pole, kama mtu aliyeingizwa miguu kwenye maji ya moto. "Nilijua," alisema. "Hewa. Siri yote ni hewa."

Akiwa kituoni akisubiri basi la kurudi, Pilnam alimpigia fundi.

"Fundi Ma, umeyatoa mangapi?"

"Hilo moja tu hadi sasa. Niliogopa kuyavunja. Nikuwekee kwenye boksi?"

"Usiyatoe. Jaza mchanga katikati yake, tandika bamba la waridi juu. Nene, kama nilivyosema. Na kule chini yakaze mabomba, yakaribiane, mzee apate mahali pake pa kuungua mgongo."

"Dada, sijawahi kujenga juu ya mabakuli."

"Yamebeba nyumba tangu wewe hujazaliwa. Yatakubeba na wewe."

Fundi Ma aliguna. Sigara ilisikika ikivutwa. "Sawa. Ni nyumba yenu. Basi nimalizie jambo moja: kule juu nisipitishe mabomba kwenye kona, maana kabati likikaa juu ya moto linapinda. Kabati si linakaa pale?"

"Kabati litafute pengine," Pilnam alisema. "Pale nalala mimi."